Shusha pumzi kwanza

Mtu akitaharuki, ushauri wa kwanza anaopewa ni "vuta pumzi". Basi anavuta. Kifua kinajaa, mabega yanapanda hadi masikioni, anaizuia kidogo, anaiachia kwa mkupuo, kisha anavuta nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Akifanya hivyo kwa dakika moja au mbili, midomo inaanza kufa ganzi, vidole vinamchonyota kama vimepandwa na sisimizi, kichwa kinakuwa chepesi. Sasa ana hofu mpya juu ya ile aliyokuja nayo: anadhani anakufa.

Kiswahili chenyewe kina ushauri bora zaidi. Aliyesubiri majibu ya hospitali kwa wiki nzima na kuambiwa ni mazima, tunasema ameshusha pumzi. Hatusemi amevuta. Na kupumzika ni mtoto wa pumzi hiyo hiyo. Kinachotuliza mwili zaidi ni pumzi inapotoka, na jambo hili unaweza kulishika kwa vidole vyako sasa hivi.

Weka ncha za vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hadi uyapate mapigo. Usitumie dole gumba lenyewe kupimia, kwa sababu nalo lina mapigo yake na litakuchanganya. Sasa pumua taratibu mara tano au sita huku ukisikiliza. Ukivuta, mapigo yanasogeleana, ukishusha, yanaachana. Kwa kijana tofauti huwa wazi kabisa, kwa mtu wa makamo hupungua, na kwa mzee huenda asiisikie. Mhusika ni neva ya vagasi, inayoanzia kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni, ikafika moyoni na kuendelea hadi tumboni. Kwa moyo, neva hii ni breki. Unapovuta pumzi breki inalegezwa. Unaposhusha, inakanyagwa tena. Anayeshusha pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anabaki muda mwingi zaidi mguu ukiwa kwenye breki.

Ile ganzi nayo ina maelezo yake. Kupumua kuliko mwili unavyohitaji hakuongezi oksijeni ya maana, kwani damu ya mtu mzima wa afya tayari imejaa oksijeni karibu yote inayoweza kubeba. Kinachobadilika ni hewa ukaa, ambayo inatolewa nje kupita kiasi. Tumezoea kuiona kama taka, lakini damu inaihitaji kwa kiwango fulani ili uasidi wake ukae sawa. Ikipungua ghafla, mishipa ya damu ya ubongo inajibana, ndipo kizunguzungu kinapokuja, na neva za vidole na midomo zinakuwa nyepesi kuchokozeka. Mtu ana hewa tele kifuani na bado anahisi hewa haimtoshi, kwa hiyo anavuta zaidi, na mambo yanazidi kuharibika. Ule mtindo wa kwenye filamu wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uachwe. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kuumia vibaya, na kwa macho tu hakuna anayeweza kutofautisha hofu na pumu.

Kwetu hali hii mara nyingi hupewa jina la presha. "Presha imepanda," anaambiwa, anapewa maji ya ndimu, analazwa. Pima kwanza. Mashine ya kupimia presha siku hizi ipo hata kwenye maduka mengi ya dawa, na kipimo ni cha dakika mbili. Moyo kwenda mbio mara kwa mara bila sababu ya kueleweka kunaweza pia kutokana na upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au sukari kushuka kwa anayetumia dawa za kisukari. Haya hayaponi kwa mazoezi ya pumzi. Na maumivu ya kifua yanayokaba na kwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, ni ya kukimbizwa hospitali bila kujaribu chochote nyumbani.

Tukishavuka hapo, kazi inaanzia kwenye mkeka. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimekaa chini. Kunja kanga uiweke chini ya kichwa. Legeza mkanda, au fundo la kanga kiunoni kama limekaza. Chukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo uilaze juu ya kitovu, kisha weka mkono mmoja kifuani. Kwa dakika mbili za mwanzo usibadilishe kitu. Tazama tu ni kipi kinapanda. Mtu aliyeishi na wasiwasi kwa muda mrefu mara nyingi hukuta mkono wa kifuani ndio unaopanda, na pakiti imetulia tuli. Wapo pia ambao pakiti inazama wanapovuta pumzi. Hawa wanakaza tumbo bila kujua, kwa hiyo kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinakosa nafasi ya kushuka.

Sasa acha pumzi itoke yenyewe, bila kuisukuma, hadi uhisi imeisha. Usikamue tumbo. Subiri kidogo. Pumzi inayofuata itakuja bila kuitwa. Ipokee kwa pua na uache pakiti ipande sentimita mbili hivi. Si lazima ipande kama mlima. Kisha ishushe tena, kwa pua, au kwa midomo iliyobana kama ya mtu anayepoza chai kwenye kisahani na hataki imwagike. Huo mfano wa chai ndio hasa kipimo cha nguvu: uso wa chai utetereke tu, usiruke.

Kosa kubwa hapa ni kujaza. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama nusu lita, ujazo wa chupa ndogo ya maji. Ukipunguza idadi ya pumzi kwa dakika, mwili wenyewe utaongeza ujazo kadiri unavyotaka. Usiusaidie. Ukiona unapiga miayo mfululizo, au kizunguzungu kinakuja, au ganzi inarudi, unavuta nyingi mno: punguza ukubwa wa pumzi, na mwendo uache ulivyo.

Mwendo wenyewe unaotafutwa ni karibu pumzi sita kwa dakika. Namba hii ina sababu. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifuani kuna vipimio vya shinikizo la damu, na mwili huchukua takriban sekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja wa kulirekebisha. Ukipumua kwa mwendo huo huo wa sekunde 10, kila pumzi inafika wakati mzunguko unaihitaji, kama anayesukuma bembea ya mtoto pale inapoanza kurudi. Ukisukuma kabla au baada unajichosha bure. Mtu na mtu hutofautiana: wengi huangukia kati ya pumzi 4.5 na 6.5 kwa dakika, na warefu huwa na mwendo wa polepole zaidi. Kwa hiyo usigombane na saa kwa ajili ya sekunde moja.

Ila usirukie sita siku ya kwanza. Hesabu pakiti inapanda mara ngapi kwa dakika ukiwa umetulia. Watu wazima wengi huwa kati ya 12 na 20. Aliye kwenye 18 akilazimisha sita atapata kiu ya hewa ndani ya dakika moja, na ataondoka akiamini mazoezi haya si ya watu kama yeye. Aanze kwa kuvuta hesabu mbili na kushusha hesabu tatu, kila hesabu ikiwa sekunde moja, ambayo ni pumzi 12 kwa dakika, kwa siku tatu au nne. Kisha tatu kwa nne. Kisha nne kwa sita, na hapo amefika. Kiu ya hewa ikija, arudi hatua moja nyuma bila kujilaumu.

Kuhesabu kwa Kiswahili kuna raha yake. Moja, mbili, tatu, nne, hadi kumi: kila namba ina silabi mbili, hakuna ndefu wala fupi, kwa hiyo ukizitamka moyoni bila haraka zinakwenda kwa mwendo mmoja kama mtwangio. Anayehesabu kwa Kiingereza anakwama kwenye saba. Shida ni moja tu: mwenye wasiwasi huhesabu mbio bila kujitambua, na "sekunde" zake sita zinakuwa tatu. Kwa wiki ya kwanza tazama mshale wa sekunde wa saa ya ukutani.

Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Hizo ni pumzi 30. Mwenye tasbihi ya punje 33 ana saa yake tayari: punje moja kwa kila pumzi, akimaliza mzunguko amepata dakika tano na nusu. Wala si jambo la kushangaza kwamba vifaa vya ibada vinafaa hapa. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, na wakisoma mantra ya Kibudha, yaani maneno ya ibada yanayorudiwa rudiwa, wakakuta pumzi zao zimeshuka zenyewe hadi karibu sita kwa dakika. Hakuna aliyewaambia wahesabu. Sala ya Salamu Maria kwa Kilatini, nusu inasomwa na kiongozi na nusu inajibiwa, ina urefu wa pumzi hiyo.

Wakati wa kufanya una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Fanya ukiwa mtulivu: asubuhi kabla ya kugusa simu, na jioni kabla ya chakula, kwa sababu tumbo lililojaa ugali linakizuia kiwambo kushuka. Wengi hungoja siku ya taharuki ndipo wajaribu. Huko ni kujifunza kuogelea dau likiwa linazama. Mwili unatakiwa uwe umeijua njia kabla ya kuhitajika kuipita gizani. Wiki mbili za kila siku ndiyo kiasi cha chini kabla ya kuutegemea ufundi huu kwenye usaili wa kazi au foleni ya benki.

Kwa wasiopenda kuhesabu kabisa ipo njia fupi. Vuta kwa pua, ukikaribia kujaa ongeza kipande kidogo cha pumzi juu yake, kisha shusha kwa mdomo, taratibu, hadi mwisho. Ndiyo ile ile pumzi ya mtu aliyetua mzigo, ila sasa unaifanya kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti mwaka 2023 uliowalinganisha watu waliofanya hivi dakika tano kila siku kwa mwezi na waliofanya tafakari ya kukaa kimya kwa muda huo huo. Wasiwasi ulipungua kwa pande zote mbili; lakini furaha na uchangamfu vilipanda zaidi kwa waliofanya mazoezi ya pumzi, na walioongoza ni hawa wa kushusha pumzi. Kwa upande mwingine, mitindo ya kwenye simu inayotaka uzuie pumzi kwa hesabu saba na kuendelea siipendekezi kwa anayeanza. Kuzuia pumzi ndicho hasa kitu ambacho mwenye hofu kali anakiogopa.

Nusu ya pili ya kazi iko kwenye misuli, na hapa watu huwa na ubishi: "Mimi sijakaza." Angalia meno yako sasa. Kama ya juu yanagusa ya chini, umekaza. Kwenye taya iliyolegea midomo inaweza kufumba lakini meno yanaachana. Angalia na ulimi, kama umebandikwa kwa nguvu kwenye paa la kinywa. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alitumia sehemu kubwa ya maisha yake Chicago akipima umeme wa misuli kwa mashine, na alikuta kwamba watu wanaosema wamelegea bado misuli yao inafanya kazi. Hawadanganyi. Mkazo wa siku nyingi huacha kusikika, kama kelele ya friji.

Dawa yake ni kukaza kwa makusudi ili tofauti isikike. Kunja ngumi ya kulia kwa robo tatu ya nguvu zako, sekunde tano hadi saba, huku unapumua kama kawaida. Kisha iachie yote kwa mara moja, kama aliyekatiwa kamba. Wengi hukosea hapo hapo: wanaifungua ngumi polepole, kidole kwa kidole, na kwa kufanya hivyo misuli inaendelea kufanya kazi ya kufungua. Ikishaachiwa, kaa sekunde 30 hadi 40 ukiusikiliza mkono. Utahisi uzito, au joto, au kitu kama mtekenyo. Rudia mara moja, ndipo uende mkono wa juu, kisha upande wa kushoto, paji la uso, macho na pua, taya, shingo, mabega na mgongo, tumbo, na miguu, kila mguu kwa sehemu tatu: paja, muundi wa nyuma, unyayo. Ni makundi 16 kwa jumla, na ukirudia kila moja mara mbili utatumia kama dakika 22 au zaidi kidogo. Unyayo usizidi sekunde tano na usielekeze vidole chini kwa nguvu, la sivyo msuli utakubana na mapumziko yote yataishia kwenye kupiga kelele.

Nani aache kukaza? Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye shingo au mgongo wenye hitilafu, na mwenye presha iliyo juu ambayo haijadhibitiwa, kwa kuwa kukaza kwa nguvu hupandisha presha kwa muda. Hawa wapite makundi yale yale kwa kulegeza tu. Mama mwenye mimba kubwa asilale chali; alale ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti.

Kuna jambo moja ambalo vipindi vya redio vinavyosifu mazoezi haya hulinyamazia. Kwa baadhi ya watu, kutulia ndiko kunakoleta hofu. Aliyepitia vita, kubakwa au kupigwa nyumbani ameishi kwa kukaa macho. Ukimwambia afumbe macho na kulegea, mwili wake unasikia hatari. Mapigo yanapanda, picha za zamani zinarudi. Huyu afanye akiwa ameketi, mgongo ukiwa ukutani, macho wazi yakitazama kitu kimoja, nyayo zikikandamiza sakafu. Aanze na dakika moja. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza mafunzo ya namna hii kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, somo la mwanzo kabisa lilikuwa kurudisha akili mahali ulipo: kuhisi miguu ardhini, kutazama kilicho mbele, kusikiliza sauti zilizopo. Yalikuwa mafunzo ya vikundi ya wiki tano, kwa sauti iliyorekodiwa, na yalipunguza msongo wao. Nairobi nako, mpango mwingine wa shirika hilo wa vikao vitano ulitolewa kwa wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili na wahudumu wa afya ya jamii, si madaktari, na kupumua taratibu ndiko kulikofundishwa mwanzoni na kurudiwa kila kikao. Lakini vikao vile vilikuwa pia na kupanga namna ya kutatua shida, kurudi kwenye shughuli na kuwatafuta watu wa kukusaidia. Pumzi peke yake hailipi kodi ya nyumba wala haimwondoi mume anayepiga.

Ikiwa usingizi umekatika kwa zaidi ya wiki mbili, chakula hakiliki, hamu ya kila kitu imekwisha, au mawazo ya kujidhuru yamekuja hata mara moja, hapo ni kwa wataalamu. Kliniki za afya ya akili zipo Muhimbili, Mirembe pale Dodoma, Kidongo Chekundu kule Unguja, Mathari ya Nairobi, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti. Si za "wendawazimu" peke yao; mwenye wasiwasi na sonona anapokewa pale pale. Na anayetumia dawa asiziache kwa sababu mazoezi yamempa nafuu. Amwambie daktari wake, wazipunguze pamoja.

Ukishazoea, mkeka na pakiti ya chumvi vinaachwa. Mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alipanga hatua za kufupisha: kutoka kukaza na kulegeza, hadi kulegeza tu kwa dakika tano hadi saba, hadi kutulia kwa kusema moyoni neno moja kwa kila pumzi inayotoka, dakika mbili au tatu, na mwisho sekunde 20 hadi 30 ukiwa umesimama. Ufundi wa hatua ya mwisho uko kwenye kurudia mara 15 hadi 20 kwa siku mahali pasipo na tatizo lolote. Kata kipande kidogo cha plasta ukibandike nyuma ya simu. Kila mkono ukikigusa, shusha pumzi moja hadi tatu, lemea kidogo kwenye visigino, achanisha meno, halafu ndipo upokee. Baada ya siku kumi hivi vidole vitakuwa vimeizoea plasta na havitaihisi tena. Ihamishie kwenye kamba ya funguo, au kwenye mpini wa mlango wa jikoni.